Amiloidi si ugali uliogandia mwilini

Jirani yangu hapa Kayole amemwondolea babake ugali na sukari ya chai. Mzee ameambiwa figo zake zina amiloidi, na binti akasikia kwamba neno hilo maana yake ni wanga. Basi mzee amebaki na sukuma wiki na manung'uniko.

Simlaumu, jina lenyewe ndilo linalopotosha. Mwaka 1854 Mjerumani Rudolf Virchow alitia iodini kwenye tishu za maiti, zikabadilika rangi karibu kama wanga, naye akaita kilichomo amiloidi, yaani "kama wanga". (Shuleni tulidondoshea ugali iodini, ukageuka buluu-nyeusi papo hapo.) Mwaka 1859 wanasayansi Friedreich na Kekulé wakachunguza wengu wenye amiloidi: wanga hawakuuona, waliona protini. Jina likabaki.

Amiloidi ni protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya, ikashikana kuwa nyuzi ngumu zinazojazana kwenye moyo, figo au ubongo.

Ila sukari haijatoka kabisa kwenye kisa, na hapa ndipo panaponinogea. Kwenye marundo hayo watafiti hukuta sukari changamano, hasa heparani salfeti: mnyororo mrefu wenye chaji hasi, unaozipa protini mahali pa kujipanga na kushikana. Wapo wanaotafuta dawa ya kuvuruga mshikamano huo. Lakini mnyororo huo hutengenezwa na seli zetu, hata za mtu anayekunywa chai bila sukari.

Binti angemuuliza daktari ni protini gani iliyojikunja, maana matibabu hufuata hiyo.