Unatumia testosteroni na bado umechoka, kichwa kizito? Subiri kwanza kabla ya kuongeza dozi

Wanaume wengi walio kwenye tiba ya testosteroni, ile homoni ya kiume, wanatufikia kliniki na lalamiko moja: daktari, niliambiwa nguvu zitarudi, mbona bado nashinda nimechoka, kichwa kizito, natafuta neno la kawaida kabisa silipati, naingia chumbani nasahau nimefuata nini. Wakishamaliza kueleza wanaomba dozi iongezwe. Nawaelewa kabisa, uchovu wa namna hii unamla mtu, lakini mara nyingi dozi ikiongezwa bila kuchunguza, tatizo linazidi.

Kama umeanza juzi juzi tu, vuta subira kidogo. Hamu ya tendo na hali ya hisia huanza kubadilika kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 6 hivi, na mabadiliko yanaendelea kwa miezi kadhaa. Ninaowazungumzia hapa zaidi ni wale ambao wameshapita hapo.

Swali langu la kwanza huwa ni unachoka siku gani. Watu wanashangaa, wanasema kila siku tu, ila ukimwambia aandike kwenye simu mwezi mzima, siku ya sindano na hali yake kila jioni, picha inatoka tofauti. Chukua mtu anayechoma sipionati au enanthati, aina mbili za sindano za testosteroni, kila baada ya wiki 2. Siku ya 2 na ya 3 homoni imepanda sana, pengine kupita kiwango cha kawaida, anajisikia yuko vizuri ila hasira ziko karibu na usingizi haukai. Ikifika siku ya 11 au ya 12 anasoma meseji ileile mara tatu na haimuingii, mazoezi hayaendeki, anajibu watu kwa mkato, anahesabu siku za sindano inayofuata. Huyo tatizo lake ni kupanda na kushuka, sio uchache wa dawa, na ukimuongezea dozi unakipandisha kilele zaidi, na kule kushuka kutoka kileleni mpaka mwishoni kunakuwa kukubwa zaidi. Mara nyingi inasaidia kugawa kiasi kilekile kikachomwa kila wiki, au kuhamia kwenye jeli ya kila siku, hayo ni ya kupanga na daktari wako.

Na kuna kitu wengi hawaambiwi mwanzoni. Ukishapewa testosteroni kutoka nje, ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kuziamuru korodani zitengeneze. Kwa hiyo dawa ikishuka huna akiba yako ya kukushika. Ndo maana pia mtu aliyeanza na kiwango cha wastani akapewa jeli ambayo ngozi yake haifyonzi vizuri anaweza kuishia chini kuliko alipoanzia. Mbegu nazo zinapungua sana, kwa hiyo kama unatafuta mtoto mwambie daktari kabla hujaanza, sio baadaye.

Kipimo cha damu nacho kina saa yake. Kwa sindano za sipionati na enanthati tunapima katikati ya sindano na sindano, kwa ile ya muda mrefu ya andekanoati tunapima kabla tu ya sindano inayofuata, kwa jeli ni saa 2 mpaka 8 baada ya kupaka na uwe umeshaitumia angalau wiki. Usitolewe damu kwenye mkono uliopaka jeli, majibu yatatoka makubwa ya uongo. Kama unameza vidonge vya bayotini, vile vya vitamini kwa ajili ya nywele na kucha sema mapema, vinaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara.

Sasa damu yenyewe. Testosteroni inausukuma mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi, damu inakuwa nzito. Kipimo kinaitwa hematokriti, kikizidi asilimia 54 tunasimamisha au tunapunguza dawa. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, uso kuwa mwekundu, na uchovu, yaani uchovu uleule unaomfanya mtu aombe dozi zaidi. Hapa nakuomba kwa dhati, usikubali kuongezewa dozi bila hematokriti ya karibuni mezani. Alafu kuna wanaotoa damu mara kwa mara ili kuipunguza uzito, wanaendelea hivyo mwaka mzima, himoglobini inaonekana nzuri huku akiba ya madini ya chuma imekauka, na upungufu wa chuma peke yake unatosha kukuchosha. Omba na feritini ipimwe, ndiyo inayoonyesha akiba ya chuma.

Muulize unayelala naye kama unakoroma na kama pumzi inakatika usiku. Kukatika pumzi usingizini kunachosha, kunaleta usahaulifu, kunashusha testosteroni, na tiba ya testosteroni yenyewe inaweza kuzidisha tatizo hilo kama halijatibiwa. Wapo waliokuwa wanatibiwa homoni wakati shida kubwa ilikuwa usingizi.

Wengine wanameza vidonge vya kushusha estrojeni, homoni inayojulikana kama ya kike, kwa ushauri wa watu wa jim. Mwanaume anahitaji estrojeni pia, ikishuka sana viungo vinauma, hamu inapotea, mifupa inadhoofika.

Lingine nalisema wazi hata kama linakatisha tamaa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2016, wanaume 790 wa miaka 65 na kuendelea wenye testosteroni ndogo, nusu jeli yenye dawa nusu jeli tupu, kwa mwaka mmoja. Hamu na tendo viliboreka, hali ya hisia ilichangamka kidogo, ila kwenye uchovu hawakupata faida ya kueleweka, na majibu ya kumbukumbu yaliyotoka 2017 hayakuonyesha tofauti. Kwa hiyo kama homoni yako iko sawa kwenye kipimo kilichofanywa kwa wakati wake na bado akili haishiki, tuache kuilaumu dozi. Tupime tezi ya thairoidi, sukari, vitamini B12 hasa kama unatumia metfomini, dawa ya kisukari, tuangalie pombe, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, dawa za mzio zinazoleta usingizi. Na sonona, ambayo wanaume wengi wanaiita uchovu kwa sababu neno hilo ndo linatamkika.

Kama testosteroni yako ilishuka kwa sababu ya tatizo la tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, hakikisha kotisoli, homoni nyingine muhimu ya mwili, nayo ilipimwa. Ikiwa chini utakuwa na uchovu mzito, kizunguzungu ukisimama, kutapika, uzito kupungua, na hiyo ni hatari ya maisha, haisubiri miadi. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikawa fupi ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie unatumia testosteroni.