Mwaka 1805 hausemi kitu, soma herufi za mwisho

Juzi nimetumiwa picha nyingine ya sarafu iliyolazwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua. Kwa kawaida picha za namna hiyo naziacha zikae humo humo kwenye simu mpaka mwenyewe asahau, lakini safari hii mtumaji ni mtoto wa dada yangu. "Shikamoo mjomba. Tumeikuta kwenye kasha la marehemu bibi. Imeandikwa 1805! Zaidi ya miaka mia mbili! Kuna mtu kaniambia haipungui milioni hamsini."

Marahaba. Huyo mtu mwambie azilete, mimi nitamuuzia tano kwa bei hiyo na soda juu.

Nimeshalisema hili kwa upole, nimelisema kwa ukali, leo naliandika ili nikiulizwa tena niwe natuma tu. Mwaka ulioandikwa kwenye reale ya Kihispania, sarafu ya fedha ya zamani kama hiyo ya bibi, si cheti cha uadimu. Karakana ya sarafu ya Mexico, wakati huo koloni la Hispania, miaka hiyo ilikuwa ikitoa zaidi ya peso milioni 20 kwa mwaka (peso moja ni reale nane), na sehemu kubwa ilikuwa fedha ya reale nane kama hiyo ya kwenye kasha. Zilivuka Pasifiki kwa merikebu kutoka Acapulco hadi Manila, zikaishia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kichina waliozipiga mihuri yao midogo midogo mpaka mfalme akatoboka mashavu. Marekani ilizikubali kama pesa halali hadi 1857. Benki ya Uingereza ilipoishiwa sarafu za fedha mwaka 1797, ilizichukua hizo hizo, ikapiga kichwa kidogo cha George III shingoni mwa mfalme wa Hispania, ikaziachia sokoni. Na pwani yetu ziliitwa reale ya mzinga, maana zile nguzo mbili za nyuma wazee waliziona kama mizinga iliyosimamishwa wima. Kitu kilichozagaa kiasi hicho mpaka kikapewa jina na watu wa Unguja kinakuwaje adimu?

Nilimwambia anipigie picha ya upande wa pili, na asiisafishe. (Usisafishe sarafu. Kwa kitu chochote. Sitaeleza tena.)

Upande wa pili unasomeka HISPAN ET IND REX (Mfalme wa Hispania na Indies), kisha M yenye o ndogo kichwani, kisha 8R, kisha T na H. Hapo ndipo mkusanyaji anapoanzia, mwaka unafuata baadaye. M na o ni Mexico. T na H ni wapima fedha wawili waliothibitisha kwamba madini yametimia kiwango, na herufi zao zilikuwa kama saini ya mdhamini: fedha ikipungua, wao ndio wa kujibu. Sasa, 1805 hiyo hiyo, chini ya mfalme huyo huyo, Carlos IV, reale nane zilipigwa pia kwenye karakana nyingine za makoloni yake: Lima kwa herufi JP, Potosí kwa PJ, Guatemala kwa M, na Santiago de Chile kwa FJ. Za Mexico mimi ninazo kwenye kopo la kahawa. Ya Santiago ukiniambia unayo, nitaacha wali mezani nije. Ukirudi kwenye zile za nguzo, za zamani zaidi zisizo na sura ya mfalme, zilizopigwa tangu 1732 hadi 1772, zenye dunia mbili juu ya mawimbi, pengo ndiyo linazidi: ya Mexico haikosi mnadani, ya Santiago watu huitaja kwa kunong'ona, na ya Bogotá ya mwaka 1762 mimi nimeishia kuiona pichani tu. Mexico yenyewe ina za kwake za kutafutwa, kwa mfano zile za 1733 ambazo alama ya karakana imeandikwa MX badala ya M na o. Herufi moja hiyo. Mwaka ni ule ule.

Watu wakishakubali kwamba mwaka si hoja, wanahamia kwenye kosa. "Hii wamekosea, kwa hiyo ni adimu." Hapa ndipo ninapopoteza uungwana.

Kuna zile zenye sura ya Carlos III na jina la mwanawe, CAROLUS IV, yaani Carlos IV kwa Kilatini. Kila mwenye nayo anaamini fundi alilala kazini. Hakulala mtu. Carlos III alifariki Desemba 1788, na habari ilisafiri kwa tanga. Mihuri ya kupigia sarafu yenye sura ya mwanawe haikuwa imefika, na karakana haiwezi kufunga milango kusubiri picha. Wakaendelea na kichwa cha baba, wakaandika jina la mwana: Mexico kwanza walimwandika IV, mwaka 1789 na 1790, kisha mwaka 1790 huo huo wakahamia IIII, na kuanzia 1791 sura yake mwenyewe ikatokea. Ni kipindi cha mpito, kilichopangwa, na kila mkusanyaji anakihitaji. Bei yake ni nzuri kiasi. Lakini si kosa, na naomba msiniandikie tena kwa herufi kubwa.

Nyingine ni za Mexico za 1772 na baadhi ya za 1773, ambazo alama ya karakana na herufi za wapima, F na M, zimesimama kichwa chini ukilinganisha na maandishi mengine. Hizo nazo ni za makusudi. Mwaka 1772 sarafu ilibadilishwa sura, na kwa amri ya siri kiwango cha fedha kikashushwa kutoka sehemu 917 kwa elfu hadi 903. Mwaka 1786 kikashushwa tena, kwa siri vile vile, hadi 896. Naam, mghushi mkubwa kuliko wote alikuwa amevaa taji. Wapo wanaosema herufi zilipinduliwa ili wenye siri wazitambue zile zilizopunguzwa. Mimi maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu sarafu yote ilikuwa na sura mpya. Mtoto mdogo angezitofautisha na zile za nguzo bila kupindua herufi yoyote. Lakini sina maelezo bora, na nimeshaacha kujifanya ninayo.

Haya, sasa lile linalonikosesha usingizi: mwaka juu ya mwaka. Muhuri wa chuma kigumu ulikuwa kitu ghali. Mwaka ukiisha na muhuri bado mzima, fundi alichukua tarakimu mpya akaigongelea juu ya ile ya zamani, na kazi ikaendelea. Sarafu zilizotoka humo zinaonyesha, tuseme, 3 yenye mabaki ya 2 yakichungulia ubavuni. Hizo zipo kweli, ni nyingi, na baadhi yake ni adimu kweli. Tatizo ni kwamba siku hizi kila simu inakuza picha mara kumi, na ukikuza sana hata mkunjo wa kitambaa unaweza kuuona 7.

Kuna jambo moja tu la kushika, na ajabu ni kwamba halishikiki vichwani. Fundi alichonga au kugonga ndani ya muhuri. Muhuri ukapiga fedha. Kilichozama kwenye muhuri kikainuka kwenye sarafu. Kwa hiyo mabaki ya tarakimu ya zamani lazima yawe yameinuka. Ukipitisha mwanga wa taa kwa ubavu, ukiwa na lenzi, unaona kivuli kinaangukia nje ya mstari. Kama kivuli kinaangukia ndani, huo ni mkwaruzo: mtu aliidondosha, au aliipimia kwa kisu. Mpaka hapo ni rahisi. Lakini ufa wa muhuri nao unainuka! Muhuri ukichoka unapasuka, fedha inaingia kwenye ufa, na sarafu inatoka na mstari ulioinuka safi kabisa. Tofauti ni tabia yake. Ufa haujui kusoma. Unaanza ukingoni, unakata herufi, unapita shingoni mwa mfalme, unaenda zake. Tarakimu ina mwanzo na mwisho, ina tumbo na mkia, na inakaa pale ambapo tarakimu hukaa. Ukiona "1" ya ajabu inayoendelea mpaka kwenye pua ya Carlos, hiyo si 1.

Nami nakiri. Nina reale mbili ambazo usiku, chini ya taa ya meza, naapa ni mwaka juu ya mwaka, na asubuhi dirishani naona fedha iliyochakaa tu. Moja niliiuza kama ya kawaida kwa sababu sikuweza kula kiapo kile mchana. Mnunuzi ameshaiita adimu. Huenda yeye ndiye mwenye macho.

Kuna shaka kubwa zaidi ambayo wenye vitabu vya orodha hawapendi kuigusa. Sura ya mfalme ilitokana na muhuri mama ulioletwa kutoka Hispania, lakini herufi na tarakimu ziligongwa moja moja kwa mkono. Basi hakuna mihuri miwili iliyofanana sawasawa. Nukta imesogea, S imeinama, taji limegusa shanga. Ukitaka kuziita zote "aina", utakuwa na maelfu ya aina, na kila moja itakuwa adimu kwa sababu hakuna mwingine aliyejisumbua kuihesabu. Mimi mstari wangu nimeuchora hivi: kama tofauti ilitokana na uamuzi wa mtu, nakusanya. Kama ilitokana na mkono kutetemeka, naitazama, natabasamu, naendelea. Wapo wenzangu wanaoniona mvivu.

Na hata ile iliyo adimu leo, bahari inaweza kuirekebisha. Januari 1784 jahazi la Kihispania, El Cazador, liliondoka Veracruz kwenda New Orleans likiwa na shehena ya pesa za kuinusuru Louisiana, ambayo wakati huo ilikuwa yao. Halikufika. Mwaka 1993 wavuvi katika Ghuba ya Mexico walinasa wavu, na chombo chao, naomba mniamini, kiliitwa Mistake, yaani Kosa. Walipouvuta, zilimwagika reale. Tangu hapo za Mexico za 1783 zenye herufi FF ziko kila pembe, zimeliwa na chumvi kidogo, kila moja na cheti chake. Hata upande wetu wa dunia yapo mambo hayo: Reijgersdaal ya Waholanzi ilizama karibu na Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1747 na fedha za nguzo tumboni. Aliyekuwa ameshikilia chache kama roho yake kabla ya meli kama hizo kufunguliwa, pole yake.

Bandia nitazipitia haraka. Ukingo wa hizi zenye sura uwe na viduara na mistatili vinavyopokezana, na pawe na mahali pawili, mkabala, ambapo urembo umepandana kidogo, kwa sababu ukingo ulitiwa kwa vipande viwili vya chuma. Ukiona mshono mmoja unaozunguka sarafu nzima, imesubiwa kwenye kalibu, irudishe. Isipokuwa Chihuahua! Wakati wa vita vya uhuru wa Mexico, karakana ya dharura ya huko ilisubu reale nane halali kwa kalibu zilizotokana na sarafu za Mexico, ikazigonga alama zake juu. Mbaya, butu, kama sabuni iliyotumika, na halali kabisa. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilimwambia mzee mmoja kwamba ya kwake ni takataka. Ilikuwa ya Chihuahua. Sijui aliipeleka wapi, na sipendi kufikiria.

Jumamosi mpwa wangu alikuja nayo. Niliiweka kwenye mizani ya sonara: gramu 26.6, wakati nzima ni 27 na kidogo. Nikaweka bilauri ya maji juu ya mizani, nikaisawazisha isome sifuri, nikaifunga sarafu kwa uzi na kuining'iniza majini bila kugusa chini. Mizani ikasoma 2.58. Gawanya 26.6 kwa hiyo: mara 10.3 ya uzito wa maji. Hiyo ni fedha ya mfalme, ya kweli. Akaanza kutabasamu. Nikamwonyesha juu ya kichwa cha Carlos tundu lililozibwa kwa fedha na kusuguliwa. Bibi, au mama yake bibi, aliivaa kidani. Tundu hilo limekula zaidi ya nusu ya bei, na bei yenyewe isingefika thamani ya simu aliyonipigia picha. Nilimshauri airudishie pete yake ya juu, ampe dada yake aivae.

Alikaa kimya wakati wa chai. Usiku akaniandikia: "Mjomba, basi jirani yetu anayo kubwa zaidi, ina mama mnene mwenye shungi, na imeandikwa 1780. Hiyo si ni ya kale kuliko ya bibi?"

Reale ya Sham. Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, na tangu hapo kila moja iliyopigwa, ya karne ile, ya karne iliyofuata, na ya juzi juzi pale Vienna, imeandikwa 1780. Nilimjibu amuulize jirani 1780 yake ilipigwa lini.