Baipola na dawa za antisaikotiki: maswali ninayoulizwa dirishani

Nafanya kazi dirisha la kutolea dawa, na watu wanaochukua dawa za baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, huniuliza maswali kwa sauti ya chini wakiwa wameinama, kana kwamba wamefanya kosa. Nimeyakusanya hapa. Naomba usibadilishe dawa kwa sababu yangu, nataka tu siku ukikaa mbele ya dokta uwe na la kusema.

Mimi sio kichaa, mbona nimepewa dawa ya vichaa?

Hili ndio huwa la kwanza na najua linavyouma. Jina hilo, na hata hili la antisaikotiki, limetokana na kazi ya mwanzo ya dawa hizi, miaka ya 1950 zilipoanza na klopromazini walikuwa wanapewa hasa watu wanaosikia sauti au kuona vitu ambavyo havipo, basi jina likaganda. Baadae ikaonekana zinashusha mania, yaani ule upande wa kupanda, hata kwa mtu ambae hasikii sauti yoyote, na baadhi zinamtoa mtu kwenye sonona ya baipola, yaani upande wa kushuka. Kwahiyo kupewa olanzapini, ambayo ni mojawapo ya dawa hizi, haimaanishi kuna ugonjwa mwingine unafichwa. Muulize dokta hivi: hii umenipa ya kunishusha, ya kuninyanyua, au ya kuzuia isirudi? Jibu lake ndio litakwambia kama dawa inafanya kazi yake au la.

Ipi ndio kali kuliko zote?

Inategemea unaumia upande gani, na hapa nataka nikae kidogo kwasababu ndipo watu wengi wanapopotezea miaka.

Mtu akiwa kwenye mania, siku ya tatu halali, anaongea bila kupumua, anagawa hela kwa asiowajua, anataka afungue biashara nne kwa usiku mmoja, hapo inatakiwa kitu cha kushusha haraka. Utafiti mmoja mkubwa wa 2011 uliolinganisha dawa za mania uliziweka risperidoni, olanzapini na haloperidoli mbele kwa nguvu. Sawa. Lakini haloperidoli hiyohiyo usiitegemee imtoe mtu kitandani akiwa kwenye sonona. Aripiprazoli nayo ni nzuri kwa mania na kwa kuizuia isirudi, ila kwenye sonona ya baipola ilipojaribiwa haikuonyesha kukishinda kidonge kitupu kisicho na dawa.

Za sonona ya baipola ni chache: kwetiapini (kwenye boksi jina lake linaanza na herufi Q), lurasidoni, kariprazini, lumateperoni, na olanzapini ikitolewa pamoja na fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona. Kwetiapini na kariprazini zinashika pande zote mbili.

Sasa ona kinachotokea. Watu wengi wenye baipola wanakaa kwenye sonona muda mrefu kuliko kwenye mania, lakini wanaletwa hospitali wakiwa na mania kwasababu mania inaonekana, inapiga kelele, familia inaogopa. Basi wanapewa dawa ya mania, wanatulia, wanarudi nyumbani na dawa ileile, na miaka mitatu baadae mtu amelala tu, haogi, haongei, watu wanasema angalau katulia. Hajatulia jamani, anaumwa upande wa pili na dawa yake haifiki huko! Dawa iliyochaguliwa usiku wa dharura sio lazima ndio iwe ya maisha. Mwambie dokta mwaka uliopita ulikuwa juu miezi mingapi na chini miezi mingapi.

Mbona mwenzangu anakunywa kwetiapini ya 25 usiku na mimi nimepandishwa mpaka 300?

Kwasababu dawa moja inafanya kazi tofauti kulingana na dozi. Ikiwa ndogo hivyo kubwa inayofanya ni kuleta usingizi, kwa sonona ya baipola dozi ya kawaida ni 300 mg kwa siku, na kwa mania huwa kati ya 400 na 800. Kupandishwa haimaanishi umezidiwa. Ila kama uko kwenye 25 na unaambiwa hiyo ndio inatibu baipola yako, uliza tena.

Nimeongezeka kilo nyingi, nguo zote hazinitoshi. Niache?

Usiache, ila usinyamaze pia, na usikubali mtu akwambie ni ulafi. Olanzapini na klozapini ndio zinaongoza kwa kunenepesha, zinaamsha njaa ambayo hata ukishiba haiondoki, zinapandisha sukari na mafuta kwenye damu. Kwetiapini na risperidoni ziko katikati. Aripiprazoli, lurasidoni, ziprasidoni na kariprazini huwa nafuu upande huo. Kwahiyo kama kwenu kuna kisukari, hilo liseme kabla hujaandikiwa dawa. Pimwa uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta kabla ya kuanza, urudie kama miezi mitatu baadae, halafu angalau mara moja kila mwaka. Uzito unaopanda haraka wiki za mwanzo ni ishara ya kurudi mapema, maana kuuzuia ni rahisi kuliko kuuondoa, na madokta wengine huongeza metifomini, dawa ya kisukari, au wanahamia dawa nyingine taratibu.

Tangu nianze siwezi kukaa, miguu inataka kutembea muda wote. Mania inarudi?

Inaweza isiwe mania kabisa. Hiyo inaitwa akathisia, inaletwa na dawa yenyewe, sana sana aripiprazoli, kariprazini na haloperidoli, na hatari yake ni kwamba inafanana na wasiwasi au mania, dokta asipoambiwa vizuri anaweza kupandisha dozi na mateso yakazidi. Mwambie lini ilianza na dozi ilibadilishwa lini. Inatibika, kwa kupunguza dozi, kubadili, au kuongeza dawa ya kuituliza, na kuna watu inawafikisha kwenye mawazo ya kujiua, kwahiyo usisubiri tarehe ya kliniki.

Shingo kupinda, macho kugeukia juu, ulimi kuvimbiana mdomoni, hizo ni misuli kukakamaa, nenda siku hiyohiyo. Na homa kali, mwili mgumu kama mbao, jasho na kuchanganyikiwa kwa pamoja, hiyo ni dharura ya sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

Kuna mambo gani watu wanaona aibu kusema?

Hedhi kukata, maziwa kutoka hata kwa mwanaume, hamu ya tendo kuisha. Risperidoni inapandisha homoni ya prolaktini na ndio inaleta hayo. Watu wanaacha dawa kimyakimya kwasababu hiyo, ndoa zinayumba, na hakuna aliyeambiwa kwamba ingewezekana kubadilisha tu. Sema. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi umpe.

Na sigara: moshi wake unafanya mwili uichome olanzapini na klozapini haraka, kwahiyo ukiacha kuvuta ghafla dawa inajaa mwilini na unaweza kulewa nayo. Kuacha ni vizuri sana, ila dokta ajue kabla.

Lurasidoni haijanisaidia kitu, nakunywa kabla ya kulala.

Ulikula? Lurasidoni inahitaji chakula cha angalau kalori 350, bila hivyo dawa nyingi inapita tu bila kuingia mwilini. Kikombe cha chai hakitoshi. Ziprasidoni nayo inataka chakula, tena kingi zaidi.

Natamani mtoto. Nisimamishe kila kitu?

Kuacha ghafla ndio njia ya haraka ya kuugua tena, na kuugua ukiwa mjamzito au umetoka kujifungua ni hatari kwako na kwa mtoto. Dawa ya kuogopa zaidi hapa ni valproeti, ambayo sio antisaikotiki lakini wengi wenye baipola wanapewa, inaharibu ukuaji wa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Antisaikotiki nyingi huonekana afadhali kuliko hiyo. Mpange na dokta kabla ya mimba, na kama imeshaingia, nenda wiki hiihii huku unaendelea na dawa yako.

Nasahau vidonge. Kuna sindano?

Ipo, risperidoni ya kila wiki mbili na aripiprazoli ya mara moja kwa mwezi, zinatumika kuzuia mania isirudi. Sindano sio adhabu ya wakaidi. Shida yake moja, ikishaingia huwezi kuitoa, ndio maana unajaribu kidonge chake kwanza uone kama mwili unaipokea.

Sasa niko vizuri miezi sita. Bado niendelee?

Hili linanipa wasiwasi kuliko yote, kwasababu mania ikianza kunyemelea mtu anajisikia vizuri kuliko kawaida na ndio siku anayotupa vidonge. Kupunguza kunawezekana, wengine wanabaki na lithiamu peke yake, dawa nyingine ya baipola isiyo antisaikotiki, lakini kunafanywa pole pole kwa wiki au miezi. Ukiwa mzima chagua mtu mmoja unaemwamini, mwambie dalili zako za mwanzo, mfano kulala masaa matatu tu kwa usiku bila kuchoka, na mkubaliane kwamba akiziona ana ruhusa ya kumpigia dokta wako hata kama siku hiyo wewe unakataa.