Matumizi ya zana kwa nyani na kima wa porini

Nyani wa vilima vya Dodoma akigeuza jiwe ale wadudu waliojificha chini yake, bado hajatumia zana. Amegeuza jiwe tu. Watafiti wa tabia za wanyama wana masharti: kitu kisiwe kimeshikamana na ardhi wala mti, mnyama akishike mwenyewe, kisha akitumie dhidi ya kitu au kiumbe kingine. Kwa kipimo hicho, anayelibamiza buyu kwenye jabali hahesabiwi, maana jabali hakulishika. Akilishika jiwe na kulipigia buyu, hapo anahesabiwa. Ni masharti ya kibishi kidogo, lakini bila hayo kila mnyama angekuwa fundi.

Watanzania wengi wakisikia habari hizi hukumbuka Gombe, ambako Jane Goodall mwaka 1960 aliwaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti. Mfano mzuri, ila sokwe hana mkia na hayumo katika kundi la kima. Kwa kima wenyewe, zana porini ni jambo la nadra, na kuna hoja kwamba wanaoishi zaidi ardhini ndio wenye nafasi kubwa ya kuzitumia.

Mabingwa wako Brazili, eneo la Boa Vista katika jimbo la Piauí. Ni kapuchini, kima ambao dume lao lina uzito wa kilo tatu na ushee. Huyo huyo hunyanyua jiwe la kilo moja, pengine zaidi, kwa mikono miwili. Kwanza huiweka kokwa ya mnazi-pori kwenye kishimo cha jiwe bapa linalofanya kazi ya fuawe, huigeuzageuza mpaka itulie isibingirike, kisha husimama kwa miguu miwili na kulishusha jiwe kwa nguvu. Katika hifadhi ya Serra da Capivara, kwenye jimbo hilo hilo, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mawe ya namna hiyo yenye umri wa miaka kama 3,000. Thailandi nako, kwenye pwani ya bahari ya Andaman, kuna makaki, kima wa huko, wanaopasua chaza kwa mawe maji yakipwa.

Hapa ndipo hoja ile ya kuishi ardhini inapoingia. Mnyama wa ardhini si yule asiyepanda mti kabisa. Nyani hulala juu ya miti au magengeni. Ni yule anayetembea na kujilisha zaidi chini. Mtini hakuna pa kuweka fuawe, na jiwe likiponyoka limekwenda. Chini, mawe na makokwa yapo pamoja, na yakiachwa hapo watoto huyakuta, huyachezea na hujifunza. Hofu ya kuliwa pia ina uzito. Katika kisiwa cha Jicarón, Panama, hakuna wanyama wakubwa wanaowinda ardhini, na kapuchini hushuka bila wasiwasi. Huko hupasua kungu, tunda lile lile la mikungu ya pwani yetu, na ajabu ni kwamba walioonekana wakifanya hivyo ni madume.

Lakini kushuka chini peke yake hakutoshi, na ushahidi wangu ni nyani wa kwetu. Anashinda ardhini, mawe ya Dodoma hayana idadi, mibuyu imejaa, na hata hivyo hapondi kwa jiwe. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, imo kinywani: ana taya na meno ya kulipasua buyu bila msaada. Mizizi huing'oa kwa vidole. Mtama shambani ndio kabisa, unahitaji tu mlinzi aliyesinzia kwenye dungu. Kapuchini ana mwili mdogo na kokwa gumu mno. Nyani hajabanwa hivyo.

Tena si kwamba hawezi. Mwaka 1975 watafiti waliripoti nyani wa Namibia, katika bonde la mto Kuiseb, waliokuwa juu ya genge wakiwaangushia mawe watu waliosimama chini. Hiyo nayo ni zana, na chakula hakikuhusika.