Windows ya majaribio ndani ya VM: leseni yako inaishia wapi?

Kitengo chetu cha TEHAMA kinaulizwa sana hili swali, na wanafunzi wa Wandegeya na wenye ofisi ndogo hapa Kampala, kwamba laptopu yangu ina Windows halali, nikiweka VirtualBox, ile programu ya kutengeneza VM (kompyuta ya kuigiza inayofanya kazi ndani ya laptopu), alafu nikainstoli Windows Insider Preview, yaani Windows ya majaribio, ndani yake, si leseni ni ile ile? Hapana jamani. Leseni ya kawaida inahesabu kifaa, na kwa Microsoft VM nayo ni kifaa, kwa hio ile ya ndani inadai leseni yake yenyewe.

Na kudaunilodi bure sio ruhusa ya kufanyia kazi. Insider Preview imetolewa ijaribiwe tu, haina dhamana, alafu ina tarehe ya kuisha. Fungua Run, andika winver, utaiona imeandikwa pale. Ikipita, mashine inaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, mwisho haiwaki kabisa, sasa chukulia SACCO huko Masaka imeweka daftari la mikopo humo, wanachama wako foleni na karani hana cha kufungua. Wengine wanasema aah nina snapishoti, yaani nakala ya VM ilivyokuwa miezi sita nyuma, nitarudi huko, lakini VM huwa inafuata tarehe na saa ya kompyuta iliyoibeba, kwa hio hilo toleo la zamani ndo limeisha muda kabla ya hili jipya!

Leseni ya VirtualBox yenyewe watu hawaisomi. Programu ya msingi ni huria, tumia popote, ila Extension Pack, kile kifurushi chake cha nyongeza, ni bure kwa matumizi binafsi, masomo na kujaribu tu, ofisi ya biashara inatakiwa iinunue kwa Oracle, wenye VirtualBox. macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, ndani ya HP ndo usiguse, Apple wanairuhusu kwenye kompyuta zao peke yake.

Hapa Uganda Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inalinda programu za kompyuta sawa na vitabu, kwa hio sio mambo ya Marekani tu. Tena matoleo ya Insider yanataka uruhusu taarifa za ziada za mashine ziende Microsoft, na kama humo kuna majina na namba za wateja, Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inakuhusu wewe mwenye ofisi.

Unataka kujifunza? Chukua Windows Server ya tathmini, inakupa siku 180, au Windows 11 Enterprise siku 90, weka data za kubuni. Daftari la kazi liache kwa Windows yenye leseni kamili, au kama pesa haitoshi weka Ubuntu, mfumo huria badala ya Windows, hio unaruhusiwa hata kwa biashara na hata ukiwa na VM kumi.