Gozo: kile kisiwa wanachokuambia hakina kitu

Mimi mtu wa Malindi, Malta huu ni mwaka wangu wa tatu, na kila mgeni akinifikia namwambia kitu kimoja: nenda Gozo, kile kisiwa kidogo cha Malta, na ukalale huko. Hapo ndio maneno huanza, maana kila mtu ashasikia yake, na mengi waliyosikia si kweli.

La kwanza ndio linaharibia watu safari kabisa, eti Gozo ni ya siku moja, unaenda asubuhi unarudi jioni. Mtu anaangalia ramani, anaona kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 67 hivi, anasema masaa manne yanatosha. Feri ya kutoka Ċirkewwa, bandari ya kisiwa kikuu cha Malta, nayo ni kama dakika 25 tu, tena aliyezoea Likoni atashangaa, kwenda hulipi, unalipa ukiwa unarudi pale bandari ya Mġarr. Sasa wote wa siku moja wanafika wakati mmoja, wanajazana pale Ċittadella, ile ngome ya zamani, na kwenye mahekalu ya Ġgantija (yale mawe ni ya zamani kushinda piramidi za Misri, yako pale tangu kama mwaka 3600 kabla ya Kristo), halafu saa saba mchana maduka ya Victoria, mji mkuu wa kisiwa, yanafungwa, watu wanaingia ndani kupumzika, na yule mgeni anarudi kusema kisiwa kimekufa. Hakijafa jamani, kimelala mchana! Saa kumi milango inafunguka tena. Na ikifika jioni mabasi ya watalii yakishashuka bandarini, ndio unaona wazee wanatoa viti nje, wanapiga stori, na kwenye vile vijiji vidogo bado utapita mlango umefungwa na ufunguo uko hapohapo kwenye kitasa, upande wa nje. Mara ya kwanza nilidhani mtu amesahau, nikataka kubisha nimwambie, jirani akanicheka akaniambia huo unakaa hapo siku zote.

La pili, eti lile dirisha maarufu la mwamba, Azure Window, lilianguka, hakuna tena cha kuona. Ni kweli lile tao kubwa la mwamba pale Dwejra lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017 kwa dhoruba. Lakini Dwejra yenyewe iko palepale. Kuna kidimbwi cha maji ya bahari kimezungukwa na majabali, na wavuvi wanatoa mashua zao kwa kupita kwenye tundu refu ndani ya mwamba, unaingia gizani kidogo halafu ghafla bahari nzima iko mbele yako. Pembeni kuna mwamba umesimama peke yake majini, zamani wale Knights, wapiganaji wa shirika la Kikristo waliotawala Malta, waliuwekea ulinzi kwa sababu ya mmea fulani mwekundu waliodhani ni uyoga na ni dawa ya kuzuia damu. Baadaye ikaja kujulikana si uyoga, na dawa pia si dawa. Kwa hivyo dhana potofu za Gozo hazikuanza na sisi.

Lingine, eti Kimalta ni Kiitaliano tu. Hii naielewa inatoka wapi, unasikia bonġu, unasikia grazzi, unafikiri ndio basi. Kaa kidogo usikilize watu wakihesabu samaki: sitta, sebgħa, tmienja, disgħa. Sita, saba, nane inapotea, tisa inarudi! Bahari ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, saa ni siegħa, roho ni ruħ. Ni lugha yenye mzizi wa Kiarabu, inaandikwa kwa herufi za Kilatini, na wenyewe wengi wao ni Wakatoliki, hata Kwaresima wanaiita Randan, neno lilelile la Ramadhani. Mimi mara ya kwanza kuyasikia haya nilihisi kama nimekutana na binamu ambaye hakuna aliyewahi kuniambia yuko. Ukishajua x inasomwa sh na ġ inasomwa j, hata vibao vya basi vinaanza kusomeka.

Tena eti bahari ya huku haijai wala haipwi, ni kama bwawa, haina hatari. Nusu kweli, na hiyo nusu ndio mbaya. Kujaa na kupwa kupo lakini ni sentimita chache, kwetu wakati wa bamvua maji yanapanda mita tatu na zaidi. Siku zangu za mwanzo nilikaa kwenye mwamba pale Xlendi nikingoja maji yapwe nishuke nitembee, nikangoja weee, hayakupwa. Huku kinachotawala bahari ni upepo. Ukivuma ule wa kaskazini magharibi, majjistral, pwani ya Ramla yenye mchanga mwekundu inachafuka na mkondo unavuta, usiingie hata kama jua linawaka vizuri. Siku hiyohiyo vuka upande wa kusini uende Mġarr ix-Xini, ghuba nyembamba imejificha, utakuta maji yametulia.

Na hii naomba mnisikilize, vile vishimo vya Xwejni si vya kupigia picha tu. Ni mashamba ya chumvi, yamechongwa kwenye mwamba laini karne kadhaa zilizopita na bado yanafanya kazi. Kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni kwetu wanategemea maji yajae, huku maji hayajai, kwa hivyo watu wanayapandisha wenyewe, jua na upepo vinakausha, baada ya siku kadhaa inabaki ganda jeupe ambalo wanalifagia kwa ufagio polepole, wanakusanya rundo, wanabeba kwa ndoo. Nimeona mtalii amekanyaga katikati na viatu vyake, ganda likalia krrr, ndio kazi ya wiki nzima ya mtu hiyo imeingia mchanga. Pita pembeni.

Halafu kimya. Usidhani kimya ni kila siku. Kiangazi kila parokia ina festa yake, sikukuu ya mtakatifu wake, na fataki zinapigwa hata asubuhi, mtoto mdogo anashtuka. Wikendi ya Santa Marija, sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15 Agosti, foleni ya magari kwenye feri inakatisha tamaa. Anayetaka utulivu wa kweli aje mwezi wa kumi, bahari bado ina joto, mvua za kwanza zinaanza kurudisha majani mashambani, na pale Victoria, kwenye kisiwa chenye watu kama 40,000 tu, kuna kumbi mbili, Astra na Aurora, ziko mtaa mmoja na zinashindana, kila moja inaandaa opera yake mwezi huohuo.