Herufi Nene Si Kichwa: Dhana Potofu Kuhusu Kuhariri Tovuti za Vikundi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihariri tovuti za asasi za kijamii, kuanzia vikundi vya kuweka na kukopa hadi jumuiya za watumiaji maji, na hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kama yale aliyoniambia tena katibu mmoja mwezi uliopita: "Ndugu mhariri, vichwa si tumeshaviweka? Huoni tumevikoleza na kuvikuza?" Nilikuwa nimeona. Kulikuwa na mistari ya herufi nene za ukubwa wa 18, na mmoja wao, ule wa ada za uanachama, ulikuwa mwekundu. Kichwa hakikuwamo hata kimoja.

Dhana hii kwamba mstari huwa kichwa kwa kunenepeshwa ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Kichwa cha sehemu ni daraja katika muundo wa ukurasa, wala si sura ya herufi. Lugha ya HTML, inayotumika kuunda kurasa za tovuti, ina madaraja sita ya vichwa, kuanzia h1 hadi h6, na mwandishi anapochagua daraja kwenye orodha ya mitindo, kivinjari, injini ya utafutaji na programu za kusoma skrini kwa sauti zote hupata habari kwamba hapo ndipo sehemu mpya inapoanza. Anapokoleza tu, zinachopata ni aya fupi yenye wino mzito.

Kwa kuwa katibu hakuridhika, nilifungua ukurasa wake kwa kutumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzia Australia mwaka 2006, ambayo wasioona wengi huitumia kwenye kompyuta za Windows. Mtumiaji wa programu hiyo hawezi kutupa jicho ukurasa mzima na kuchagua pa kutua. Hubonyeza herufi H ili aruke kutoka kichwa hadi kichwa, au tarakimu 2 ili apite kwenye vichwa vya daraja la pili peke yake. Nilibonyeza H, na programu ikajibu kwamba hakuna kichwa kinachofuata. Mwanachama asiyeona aliyetaka kujua ada tu angelazimika kusikiliza historia ya jumuiya, majina ya wajumbe wa kamati na salamu za mwenyekiti, ambazo hazikuwa fupi, ndipo afike alikokuwa akienda. Papo hapo likaibuka tatizo la pili: tovuti ilikuwa imejitambulisha kuwa ni ya Kiingereza, hivyo sauti ikawa inasoma "jumuiya" na "uanachama" kwa matamshi ya Kiingereza, hadi tulipobadilisha lugha ya tovuti kuwa sw, yaani Kiswahili, na sauti ya Kiswahili iliyomo ndani ya NVDA ikachukua nafasi. Katibu alinyamaza kidogo, kisha akaomba aonyeshwe daraja linachaguliwa wapi.

Hata kikundi ambacho kina hakika kwamba hakina mwanachama asiyeona (hakika hiyo sijui huitoa wapi) hakikosi kulipa gharama. Rangi na ukubwa vilivyowekwa kwa mkono hubaki ndani ya kila ukurasa. Siku mwonekano wa tovuti unapobadilishwa, vichwa halisi huufuata mwonekano mpya vyenyewe, ilhali vile vya kukoleza hubaki na wekundu wao wa zamani, vikimsubiri mtu wa kuvifuta kimoja kimoja, na mtu huyo kwa kawaida huwa ni mimi. Kwenye Word ya Windows, vitufe vya Ctrl+Alt+2 hugeuza mstari kuwa kichwa cha daraja la pili, na mara nyingi daraja hilo huhama pamoja na maandishi yanapobandikwa kwenye tovuti. Anzeni na la pili, kwa sababu mifumo mingi ya tovuti hulipatia jina la ukurasa daraja la kwanza, na msiruke hadi la nne eti kwa kuwa herufi zake zinapendeza.

Kupigia neno mstari ili kulitia mkazo ni kosa la haraka kulieleza: kwenye tovuti, neno lenye mstari chini yake ni kiungo, na msomaji atalibofya mpaka achoke. Kuandika tangazo zima kwa herufi kubwa nako hakuongezi heshima. Hupunguza kasi ya kusoma, kwa kuwa jicho limezoea herufi ndogo.

Wengine huniambia kwamba mwongozo wa uandishi hauhitajiki kwa sababu Baraza la Kiswahili la Taifa lipo. Ni kweli lipo, tangu mwaka 1967, na kamusi itakuambia kwamba "kwa sababu" na "kwa ajili" huandikwa kwa maneno mawili. Hakuna kamusi, hata hivyo, itakayokiamulia kikundi chako kati ya Sh 5,000, 5,000/= na TZS 5,000, wala itakayomweleza mwanachama aliyehamia Marekani kama 7/8 ni tarehe 7 Agosti au tarehe 8 Julai. Nimewahi kukuta mkutano mkuu umetangazwa kuwa saa 3:00 asubuhi kwenye ukurasa mmoja na saa 9:00 asubuhi kwenye mwingine, na kwa hesabu yetu ya saa huo wa pili ungefanyika kabla hata jogoo hajawika. Karatasi moja inatosha: saa, tarehe, fedha, vyeo, na jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili.

Lipo pia lile la "msomaji ataelewa tu". Msomaji pengine ataelewa, lakini kisanduku cha kutafutia hakielewi. Tovuti moja ilikuwa na kurasa tatu kuhusu mradi wa ng'ombe wa maziwa: wa kwanza uliandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, wa pili kwa ritifaa iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, na wa tatu ukaandika "ngombe" bila chochote. Aliyetafuta "ng'ombe" aliletewa ukurasa mmoja. Tuliposawazisha tahajia kwenye kurasa zote, neno lilelile likaleta zote tatu.